Idadi Ambayo Baba Hakutaka Itajwe

Kila asubuhi kwetu Nyansurura, baba alifungua zizi na kuwatazama ng'ombe wakitoka. Mweusi. Wa madoa. Mwenye pembe moja. Akikosekana mmoja alijua papo hapo, lakini hakuwahesabu. Kwake, kutaja idadi ya ng'ombe ni kuwaitia kifo.

Miaka ile dhahabu iliwapa watu wazimu. Vijana walitoka machimboni Tarime na pesa, wakanunua ng'ombe katika kila mnada. Ng'ombe wageni wakaja na homa ya mapafu.

Nora, afisa mifugo, alikuja kuchanja. Alimuuliza baba ng'ombe ni wangapi. Baba akajibu, "Wengi." Nora akachanganya dawa kwa kukisia. Haikutosha. Katika wale waliokosa, saba walikufa.

Mwaka uliofuata Nora alirudi.

"Shikamoo, mzee Ryoba."

"Marahaba, binti. Usiniulize idadi."

"Mzee, dawa hii ikishachanganywa haiwekwi akiba. Nikizidisha, nitaimwaga na jirani yako atakosa. Nikipunguza, ulishaona."

Baba aligeuka akalitazama zizi. Aliwaona tena akilini wale saba, najua.

"Nitawahesabu mimi kimoyomoyo," nilisema.

Mke wangu Rhobi alicheka. "Wewe Nikolaus? Darasa la nne lilikushinda. Juzi umehesabu kuku, ukamsahau jogoo!"

Ni kweli. Nilimsahau.

Nora aliona boksi la dawa ya minyoo dirishani. "Vidonge hivi mliwapa lini?"

"Juzi," nikasema. "Kila ng'ombe viwili. Ndama wanaonyonya hatukuwapa."

"Hao hata mimi siwachanji. Boksi lilikuwa na vingapi?"

"Mia moja. Vimebaki vinne."

Nora akachukua kijiti, akachuchumaa mlangoni pa zizi.

"Idadi ya ng'ombe hatuijui," alisema. "Tuiite n. Kila mmoja alikula viwili. Kwa hiyo vilivyoliwa ni n mara mbili. Tunaandika 2n. Ongeza vinne vilivyobaki, tunapata mia."

Akaandika mchangani:

2n + 4 = 100

"Alama hii ya sawasawa ni kama mzani uliotulia. Ukitoa kitu upande mmoja, toa kiasi kilekile upande wa pili. Nikolaus, toa vile vinne."

Nilitoa nne kushoto. Nikatoa nne kulia. Jasho lilinitoka kama niko shimoni nachimba.

2n = 96

"Hivyo tisini na sita vililiwa viwili viwili. Gawa kwa mbili pande zote."

Niligawa polepole.

n = 48

Nilibaki nimeduwaa. Ng'ombe wote walikuwa nyuma ya ua. Sikuwa nimemtazama hata mmoja.

"Hakikisha," Nora alisema. "Rudisha jibu pale mwanzo."

Arobaini na nane mara mbili, tisini na sita. Ongeza nne. Mia.

Nilifungua mdomo niseme jibu.

"Usilitaje!" baba alifoka. Kisha akauliza taratibu, "Nani amewahesabu?"

"Hakuna, baba. Tumehesabu vidonge."

Nora alichanganya dozi kulingana na ile namba ya mchangani. Tukaanza. Mimi nilishika pembe, baba akashika mikia, Nora akachoma sindano. Jua lilipanda. Chupa ilizidi kupungua, na kila ilipopungua baba aliikodolea macho.

Akabaki yule mweusi. Nora alivuta dawa, sindano ikajaa. Chupa ikawa tupu.

Baba aliichukua. Akaigeuza juu chini. Hakikudondoka kitu. Aliutazama mchanga, kisha akamtazama yule mweusi.

Mwaka ule homa ilipita kwa majirani wengi. Zizini kwetu haikuua hata mmoja.

Lakini ninachokumbuka zaidi ni siku ileile, wakati wa kuwatoa ng'ombe kwenda malishoni. Baba hajui kusoma. Alisimama mlangoni pa zizi, akanyoosha fimbo yake, akawazungusha ng'ombe wote pembeni, mmoja mmoja, wasikanyage yale maandishi.