Kiti cha Dirishani

Novemba kwetu Norwe, saa tisa alasiri giza limeshaingia. Nilipita kwenye gulio la vitu vikuukuu la kuchangia bendi ya shule kumtafutia viatu vya theluji mwanangu Sondre, wa miaka minne. Nikatoka na chuma cha wafeli, kile cha umeme kinachooka mkate mwembamba wenye vipande vitano vya umbo la moyo. Nyumbani tulikuwa watano: mimi, mume wangu Eivind, mama yake Borghild, Tuva wa miaka kumi na mbili, na Sondre. Nikajiona nina bahati.

Mwanamke aliyekiuza alivaa glavu ndani ya ukumbi wenye joto. Alinuka maziwa yaliyoungua.

"Ya kwanza usiile," alininong'oneza. "Iweke nje ya mlango."

Nilicheka moyoni. Wafeli ya kwanza huharibika kila mara, na mpishi huila amesimama kabla hajawaita wengine mezani. Mama yangu alifanya hivyo, na mama yake vilevile. Nikaila.

Ilikuwa na ladha ya nywele zilizoungua... nikameza.

Ya pili ilitoka na mioyo minne ya rangi ya asali na mmoja mweusi ti. Nilipoiweka mezani, ule mweusi ulielekea kiti cha dirishani, kiti cha Sondre. Nikageuza sahani.

Krrr... krrr...

Ikarudi yenyewe.

Borghild aliona. "Sondre, mpishe bibi hapo," alisema. "Bibi anataka kutazama theluji." Akakaa mahali pake, akaula ule moyo mweusi na kipande cha jibini, akitafuna kama mtu anayemeza dawa.

Jikoni alinishika mkono. "Chuma hiki nilisikia habari zake utotoni. Kinamtaka mtoto. Ila kinampokea yeyote anayekaa mahali pake. Mimi nimeshakula chumvi nyingi. Wewe kitupe."

Siku ya tatu tulimkuta amekufa kitandani. Daktari alisema ni uzee. Kwa nini midomo yake ilikuwa myeusi, hakueleza.

Nilikichoma kile kiti uani. Chuma nilikipeleka mwenyewe kwenye jalala la manispaa, nikakisikia kikianguka ndani ya kontena. Nikarudi nyumbani mwepesi, mjinga mimi.

Jumamosi iliyofuata, saa tisa, nikasikia harufu ya iliki, ile ninayotia kwenye wafeli.

Chuma kilikuwa jikoni. Cha moto. Waya haukuwa umechomekwa popote. Ndani, wafeli ilikuwa imeshaiva.

Niliitupa kwenye ndoo ya taka. Papo hapo chumbani Sondre akaanza kutetemeka, mwili moto, macho yamegeuka juu. Nilipiga magoti mbele ya ile ndoo, nikaitoa wafeli kwa mikono miwili huku nalia. Nikaiweka kwenye sahani, nikavuta kiti kingine mpaka dirishani, nikakaa. Sahani ikageuka. Moyo mweusi ukanitazama.

Mtetemeko ukakoma.

Sondre akaja mezani kwa miguu yake, jasho likimtiririka, akaanza kunipanda mapajani, mkono wake umenyooka kwenye sahani yangu. Nilimsukuma. Akaanguka sakafuni.

"Ragnhild, una wazimu?" Eivind, aliyemfuata kutoka chumbani, alifoka. "Mtoto ametoka kuugua sasa hivi."

Nikamweleza kila kitu, kwa kunong'ona. Mume wangu hucheka kila jambo, hata misibani. Hakucheka. Aliigeuza sahani kwa kidole.

Krrr...

Akanyoosha mkono kuunyakua moyo mweusi. Nilikuwa nimeshautia kinywani.

Macho yake yalijaa machozi. "Jumamosi ijayo nakaa mimi," alisema.

"Halafu?"



"Halafu mimi," alisema Tuva. Alikuwa amesimama mlangoni kwa soksi, na sijui alikuwa pale tangu lini. Alisema kwa utulivu, kama anayepanga zamu ya kuosha vyombo.

Nilitaka kumwambia nyamaza, wewe ni mtoto, haikuhusu. Lakini nilimfikiria mdogo wake akiwa peke yake kwenye meza ile, na Mungu anisamehe, sikumkataza.

Sondre aliinuka sakafuni, akajipangusa magoti, akavuta sahani yake tupu karibu.

"Mama," alisema, "nina njaa."