Nilidanganya Kilomita, Wifi Yangu Akavunjika Mguu

Nina umri wa miaka thelathini na saba. Mimi ni msaidizi wa maabara katika shule moja ya sekondari hapa Voi. Sina mume, na mama yangu anaishi juu ya mlima Sagalla. Haya nitakayowasimulia, wasomaji wenzangu, niliyaficha kwa wiki nyingi huku nikiwatazama watu machoni. Leo sifichi tena.

Mwaka jana, mwezi wa Januari, daktari alinipima presha akakuta iko juu mno. Kisha akaniuliza kama nina watoto. Nikamwambia sina. Akasema, "Basi una mama." Nilimwelewa: nisimwache mama azike mwanawe. Aliniambia nitafute zoezi ambalo sitaliacha baada ya wiki mbili.

Wa kwanza kumweleza alikuwa Mghoi, mke wa mdogo wangu Mwadime. Mghoi ni fundi wa nguo, ana kibanda chake karibu na soko na cherehani ya kukanyaga kwa mguu. Tulipendana kama ndugu wa tumbo moja. Aliacha kushona akanisikiliza hadi mwisho, halafu akasema, "Wifi, hutafanya peke yako. Tutafute baiskeli."

Yeye hakuwa na presha. Hakuwa na ugonjwa wowote. Aliingia katika jambo hili kwa ajili yangu tu... nataka mkumbuke hilo.

Tukapata baiskeli mbili za milimani zilizotumika, zenye gia na matairi mapana, na tukajiunga na kikundi kidogo cha waendeshaji. Kiongozi wetu alikuwa mwalimu Kilonzo, mzee mpole aliyestaafu. Yeye ndiye aliyetufundisha kuweka app ya simu inayorekodi safari: umetoka wapi, umefika wapi, kwa mwendo gani na kwa muda gani.

Mghoi alipenda mambo yapangwe. Alichukua karatasi ya manila akaibandika ukutani kibandani mwake. Juu akaandika malengo yetu ya mwaka. Kilomita elfu mbili kila mtu. Kupanda Sagalla bila kuweka mguu chini. Kwenda Wundanyi na kurudi kwa siku moja. Na la mwisho, kushuka Sagalla kwa chini ya dakika ishirini na tano. Upande mmoja jina langu, upande wa pili lake. Kila Jumamosi jioni tulipaka rangi kilomita tulizoongeza.

Miezi minne ilikuwa mizuri. Presha ilishuka. Nguo zangu zikawa kubwa, na Mghoi akazipunguza huku akinicheka. Je, ningejua furaha ile itaishia wapi, si ningeing'oa ile karatasi siku hiyohiyo?

Mwezi wa Mei, tukirudi kutoka Mwatate, goti langu la kushoto lilianza kuuma. Kesho yake lilikuwa limevimba kama papai. Nikakaa wiki tatu bila kugusa baiskeli. Mghoi aliendelea. Alikuwa na mapafu ya ajabu yule dada, na miguu iliyokanyaga cherehani tangu utotoni. Rangi yake ukutani ikazidi kupanda. Yangu ikasimama palepale.

Wateja waliokuja kupimwa nguo walisoma ile karatasi. Siku moja mama mmoja aliuliza nikiwa nimekaa hapo hapo, "Na huyu mwingine, alishachoka?" Mghoi akanitetea upesi, akasema nina goti. Lakini mimi nilisikia aibu, na ndani ya ile aibu kulikuwa na kitu kibaya zaidi. Nilimwonea wivu mtu aliyeanza kwa ajili yangu.

Wiki ya nne nilijaribu kupanda kwenda kumwona mama. Niliwasha app, nikaendesha hadi chini ya mlima, na hapo goti likagoma. Nikasimamisha bodaboda, tukaifunga baiskeli nyuma, nikabebwa hadi kwa mama. Wallahi sikukumbuka simu. Ilikuwa mfukoni, inarekodi.

Jioni Mghoi akanipigia. Alikuwa ameiona safari yangu kwenye app.

"Wifi, umepanda Sagalla na hilo goti? Hukusimama hata mara moja?"

Ningeweza kucheka nikamwambia nilibebwa. Yangeisha hapo. Badala yake nikasema, "Nimejikaza tu."

Kesho yake alipaka rangi lile lengo la kupanda, upande wangu, yeye mwenyewe kwa mkono wake. Mwalimu Kilonzo akanipongeza mbele ya kikundi. Nilijisikia vibaya kwa siku mbili. Siku ya tatu nikajisikia vizuri.

Uongo wa pili haukuwa wa bahati mbaya. Wala wa tatu. Kila nilipokwenda kwa mama nilipanda bodaboda na simu ikiwa imewashwa, na kila Jumapili nilituma picha ya safari kwenye grupu la kikundi chetu. Baiskeli niliifungia nyumbani kwangu. Goti lilipona mwezi wa Agosti, na hata hapo sikurudi barabarani ipasavyo. Ningerudije? Mtu niliyemtunga alikuwa na nguvu kuliko mimi.

Mwezi wa Septemba nikashuka Sagalla kwa bodaboda. Dereva alikuwa na haraka ya abiria mwingine. Simu ikaandika dakika kumi na tisa. Nikaituma.

Muda wa Mghoi ulikuwa dakika ishirini na nane.

Tangu siku hiyo hakuwa na wazo lingine. Alitaka twende pamoja nimwonyeshe ninavyoshuka. Jumamosi ya kwanza nikasema nina mitihani ya maabara ya kupanga. Ya pili nikasema tumbo. Mwadime aliniambia kwa utani, "Dada, umemwonjesha mwenzako asali halafu unaficha mzinga." Nilicheka naye.

Jumamosi ya tatu, mwezi wa Oktoba, Mghoi alipitia kwangu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, helmeti kichwani. Nilikuwa mlangoni nafagia.

"Haya wifi, kama huji, nipe siri tu," akasema. "Ile kona ya pili, yenye mawe upande wa korongo. Mimi pale nashika breki mpaka nakaribia kusimama. Wewe unaipitaje?"

Wasomaji, nilikuwa na nafasi. Alisimama mbele yangu, jua linachomoza, hakuna mtu mwingine. Neno moja lingetosha. Nilifungua mdomo, na nilichotoa ni hiki: "Usishike breki pale. Ukishika unateleza. Iachie tu, itajipeleka yenyewe."

Sijawahi kuipita ile kona nikiwa juu ya baiskeli kwa mwendo wowote wa maana. Maneno yale niliyabuni hapo mlangoni, ufagio mkononi.

Akanishukuru. Akaondoka.

Nilifagia uwanja ule mara mbili. Nikachemsha chai, sikuinywa. Saa mbili nikampigia, simu ikaita bila kupokelewa. Nikajiambia yuko kwenye mteremko, hawezi kupokea. Saa mbili na nusu nikapiga tena. Saa tatu kasoro simu ikapokelewa na sauti ya mama nisiyemjua. Aliniuliza kwa upole, "Wewe ni nani wake?"

Akina mama waliokuwa wakitoka kuchota maji ndio waliomkuta. Alikuwa chini ya ile kona ya pili, kati ya mawe. Walimvuta polepole kwa kanga, wakasimamisha pikapu ya mkulima.

Paja la kulia lilikuwa limevunjika mara mbili na goti limesagika. Alipelekwa Mombasa, akawekewa vyuma. Daktari alimwambia Mwadime kwamba atatembea, lakini ule mguu hautakunja tena kama zamani. Mwadime akauliza, "Ataweza kukanyaga cherehani?" Daktari akatikisa kichwa.

Sasa niwaambie nilichofanya. Nilimuuguza. Nilichukua ruhusa kazini, nikakaa naye hospitali, nikampikia uji, nikamwosha, nikamsuka nywele. Watu wakanisifu. Mama alisema Mungu amempa Mghoi dada, si wifi. Mwadime alinishika mkono koridoni machozi yakimtoka, akaniambia hatanisahau maisha yake yote. Kila sifa iliingia kama sindano. Nami nilizipokea zote.

Lililonimaliza ni maneno ya Mghoi mwenyewe. Siku moja mchana, akiwa amelala chali, aliniambia, "Wifi, mimi ndiye niliyekosea. Uliniambia niiachie, na mimi nilipofika katikati nikaogopa nikashika breki. Ningekutii nisingeanguka."

Nikamjibu nini? Nikamwambia apumzike.

Mghoi aliporudi Voi, mwalimu Kilonzo alikuja shuleni kunitafuta. Tulisimama nyuma ya maabara, wanafunzi wakiwa darasani. Hakupandisha sauti.

"Nilitaka tuweke alama kwenye zile kona ili mwingine asiumie," akasema. "Nikarudi kutazama safari zako nijue wewe unapitaje. Mama, safari zako za kupanda zina mwendo uleule wa kushuka. Hakuna mtu anayepanda Sagalla kwa baiskeli hivyo. Hata kijana wa miaka ishirini."

Nikasema labda simu ilikosea.

"Simu haikosei kila wiki kwa miezi minne."

Nikageuka kutaka kurudi ndani.

"Sikuja kukukamata," akaendelea. "Nimetoka kwa Mghoi jana. Ananiuliza akipona nimfundishe upya kushuka, kwa sababu anadhani yeye ni mjinga wa breki. Nakupa mpaka Jumapili. Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi, na sitaki niwe mimi."

Mnadhani nilikwenda moja kwa moja kuungama? Nilikwenda nyumbani nikafuta zile safari zote, moja baada ya nyingine. Nilifuta na picha. Ijumaa na Jumamosi nilitunga majibu. Nilikuwa nimeamua kumkana mwalimu Kilonzo mbele ya watu, nimwite mzee mwenye wivu. Hapo ndipo nilipofika. Nisiwafiche.

Jumapili, baada ya ibada, tulikutana nyumbani kwa Mwadime. Mama alikuwa ameshuka kutoka Sagalla. Mghoi alikuwa amekaa kwenye kiti, mguu umenyooshwa juu ya stuli, anajaribu kushona kifungo kwa mkono. Sindano ikamponyoka. Akainama kuifuata, mguu haukumruhusu. Akajaribu tena. Alikuwa anatabasamu ili sisi tusihuzunike.

Majibu yote niliyotunga yakaniisha.

Nikasema, "Mghoi, sikuwahi kushuka Sagalla kwa dakika kumi na tisa. Nilikuwa kwenye bodaboda."

Hakuelewa. Nikarudia. Nikaeleza goti, simu, zile safari, na yale maneno ya mlangoni. Mwadime alikuwa amesimama na sahani mkononi, akaiweka chini taratibu.

Mghoi aliniuliza swali moja tu. "Ile kona... hukuwahi kuipita hata mara moja bila breki?"

"Hata mara moja."

"Kwa hiyo niliposhika breki, nilikuwa sawa."

"Ulikuwa sawa. Ulikuwa umechelewa tu, kwa sababu yangu."

Alilia hapo, na hakulia kwa sauti. Alimwomba mumewe amwingize ndani. Mwadime alirudi akasimama mbele yangu. Mdogo wangu niliyembeba mgongoni. Akasema, "Dada, nakuomba utoke kwangu. Nikiweza kukuona tena, nitakuita." Mama akasimama. Alichukua mkoba wake akatoka mbele yangu, akatembea peke yake.

Jioni hiyo niliandika ukweli wote kwenye grupu la waendeshaji. Wengine walinitukana.

Ni miezi saba sasa. Mghoi anatembea kwa mkongojo. Kanisa na kikundi walimsaidia kupata cherehani ya umeme, na amerudi kibandani. Nilikwenda kumwomba msamaha mara tatu. Mara ya tatu alinipa kiti, akaniambia, "Nimekusamehe, maana sitaki kubeba hii pamoja na mguu. Lakini usiniulize tutakuwa vile tulivyokuwa. Sijui." Mwadime bado hajaniita. Tukikutana mjini anavuka barabara.

Presha imenirudia. Naendesha baiskeli tena, peke yangu, kwenye njia tambarare za kuelekea Mbololo. Hutokea nikaendesha kilomita sita, goti likauma, nikarudi nyumbani nikisukuma.

Wasomaji wenzangu, hasa nyinyi mnaojiwekea malengo na kuyatangaza kwa wenzenu, nawasihi. Mtu anayekupenda akiona kipimo chako, anakiamini kwa mwili wake. Atakifuata hadi kwenye mawe. Kama umeshindwa, sema umeshindwa. Aibu yake inaisha kwa wiki moja. Kama umebebwa, sema umebebwa. Na kama umeshasema uongo na bado hakuna aliyeumia, usisubiri Jumapili. Nenda leo, ukamwambie akiwa bado amesimama kwa miguu yake miwili.