Ukigusa, Umecheza

Saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, mlango wa jengo lile la ghorofa tisa ulikuwa ukimeza watu. Makarani, mawakili, wagonjwa wa meno, tarishi na bahasha zake, wote walisukumana kuelekea lifti moja kongwe yenye mlango wa nondo unaovutwa kwa mkono. Ndani yake, juu ya kigoda, alikaa msichana wa miaka ishirini na minane ambaye jengo zima lilimwita Dada Lifti. Sare yake ya buluu ilikuwa na vifungo vitano vya shaba na kimoja cheusi. Kichwani alijifunga kitambaa cha rangi ya haradali, kwa madaha ya mtu anayejua atatazamwa kutwa. Kazi yake ilikuwa kuvuta mlango, kushika mpini, kupanda na kushuka. Miaka sita sasa. Wanasema tembea uone. Huyu alitembea kutwa na hakuona ila kuta.

Magotini aliweka ubao mdogo wa sataranji ambao mtu aliusahau mle ndani na hakurudi kuuulizia. Farasi mmoja alikosekana, kwa hiyo alijing'oa kifungo cha shaba akakifanya farasi. Mchezo wenyewe alijifunza peke yake, kwa kijitabu kilichochanika nusu.

"Malkia huyo mrudishe nyumbani," sauti ilisema juu ya bega lake.

Aligeuka. Kijana mrefu, koti jeupe, vumbi la plasta hadi kwenye nyusi, suruali imemkimbia vifundo vya miguu.

"Nani amekuuliza?"

"Hakuna. Ila umemtoa mapema mno. Vijitu vidogo vitamfukuza ubao mzima. Toa farasi kwanza."

"Ghorofa ya ngapi?"

"Ya sita. Nimeanza kazi leo, natengeneza meno bandia."

"Basi fundi, hayo uliyonayo yafumbe."

Lifti nzima iliangua kicheko. Fundi Meno alicheka kuliko wote, na alipofika ghorofa ya sita akasahau kutoka hadi tarishi alipomsukuma.

Jioni alipokuwa akishuka, alisogeza askari mmoja wa upande wa pili bila kuomba ruhusa. Kesho yake asubuhi Dada Lifti akajibu kwa farasi. Ikawa ndiyo desturi yao: safari moja, hatua moja ubaoni kwa kila mtu, na kifungo cha shaba kikawa farasi wa fundi. Mtu wa kawaida hupanda mara mbili na kushuka mara mbili kwa siku. Fundi alianza kusahau miwani chini, mara mwavuli, mara kitu ambacho hata yeye hakukijua.

Na jioni walipigiana simu.

"Mwanafunzi wangu, umekula?"

"Nimekula, mwalimu. Leo nimepigania katikati ya ubao, umeona?"

"Nimeona. Aliyeshika katikati huenda upande wowote anaotaka. Lakini bado una kosa moja."

"Lipi tena, jamani?"

"Una kipande kimoja ukikipenda basi, hicho hicho kila siku. Unakituma huku, unakituma kule, wenzake wamelala nyumbani. Usichezeshe kipande kimoja mara tatu wakati wengine hawajainuka."

"Wewe nawe! Una maneno matamu kama daktari wa meno."

"Mpenzi, daktari hung'oa. Mimi naweka."

Hilo neno mpenzi lilitoka lenyewe. Kisha fundi akasema ana jambo la kumwambia.

"Liweke," Dada Lifti akasema, moyo ukimwenda mbio. "Mchezo huu ukiisha utalisema, nami nitakujibu hapo hapo. Ushinde, ushindwe."

Laiti angesema lisemwe palepale! Lakini watu wa sataranji ndivyo walivyo, wataifunga hata roho yao kwa kanuni.

Wiki mbili baadaye, tangazo lilibandikwa kando ya mlango wa nondo. Lifti kongwe itaondolewa mwisho wa mwezi. Mpya itajiendesha yenyewe. Jioni hiyo hiyo dada yake mkubwa akapiga simu. Dada Lifti alisimamisha lifti kati ya ghorofa ya nne na ya tano, maana ndani ya jengo lile mtandao ulishika pale tu.

"Nimesikia kazi inaisha," dada alisema. "Mungu hamtupi mja wake. Njoo ukae na mama. Miguu yake imezidi kuuma, mimi nina watoto na duka."

"Nije kwa muda gani?"

"Muda gani nini? Mama ana muda? Huna kazi, huna mume, huna mtoto. Nani mwingine aje?"

"Kaka je? Na mdogo wetu?"

"Hao wana mambo yao."

Akasema sawa, kama alivyosema sawa siku zote. Yeye ndiye aliyeacha shule ili watoto wa kaka wapate mlezi. Yeye ndiye aliyekesha na baba hospitali hadi mwisho. Alimpenda mama yake, na kwa hiyo alizidi kubanwa, maana kamba ya mapenzi haina fundo la kufungulia. Aliishusha lifti, akatazama nondo za mlango wake, na kwa mara ya kwanza akahisi kulia kazini.

Ilibaki tumaini moja, nalo lilikuwa magotini. Mchezo ulikuwa unaisha na yeye ndiye aliyekuwa anashindwa. Mfalme wake alimficha mapema, kama alivyofundishwa, ila alipomficha alisahau kumwachia nafasi. Sasa alikaa pembeni, ubavuni ngome yake mwenyewe, mbele yake askari wake wawili. Kifungo cha shaba kikiruka mara moja tu, mfalme amefungwa, na si adui waliomzunguka, ni watu wake walioziba njia. Dada Lifti aliliona hilo Jumatatu. Akajua fundi naye ameliona, kwani ndiye aliyemfundisha kuona. Akasubiri.

Fundi akapanda, akatazama ubao muda mrefu, akasogeza ngome hatua moja. Mchana akairudisha. Jumanne akaisogeza tena, akairudisha tena.

"Umechoka, mwalimu?" Dada Lifti aliuliza.

"Nafikiria tu."

Jumatano fundi alipanda kwa ngazi. Alhamisi pia. Dada Lifti akampigia, simu haikupokelewa.

Maskini yule mwanamume! Mfukoni mwake alikuwa na farasi aliyemchonga kwa plastiki ya waridi ya kutengenezea ufizi bandia, amemng'arisha siku kumi, sikio moja kubwa kuliko lingine. Alikuwa amesoma tangazo. Msichana mwenyewe alikuwa amemwambia kwa simu kwamba anaondoka kwenda kwa mama yake, na nani atamkataa mama kwa ajili ya fundi wa meno? Akajiambia kwamba maadamu mchezo haujaisha, bado hajakataliwa. Naye msichana, akiwa kigodani, alijiambia kwamba anayeiona njia na haipiti, hataki kufika.

Siku ya mwisho ya mwezi, mvua ilikuwa imelowanisha ngazi na mfagiaji alizifunga kwa kamba. Fundi hakuwa na budi. Aliingia lifti ikiwa tupu, macho chini. Dada Lifti akavuta mlango, akashika mpini, na kati ya ghorofa ya nne na ya tano akasimamisha.

"Leo hutoki," alisema.

"Watu wanangoja chini."

"Nimewangoja wao miaka sita. Hunitaki, sema. Usinizungushie ngome kama mtoto."

"Nisikutake?" Fundi alishtuka. "Naogopa jibu lako! Nikikufunga, utaniambia unaenda kwa mama yako, na yatakuwa yameisha."

Msichana alimtazama, hasira ikimtoka polepole. Huko chini watu walianza kugonga nondo. Simu ikalia: dada mkubwa.

"Umefunga mizigo?"

"Dada, hapana."

"Hapana nini?"

"Kwetu tuko wanne. Kila jambo likitokea nasogezwa mimi, nyie mmekaa palepale. Mama ni wetu sote. Kaka aanze miezi mitatu, kisha mdogo wetu, kisha wewe, kisha mimi. Zamu yangu ikifika nitakuja na nitamwogesha kwa mikono yangu miwili. Lakini siji kuishi huko."

Halafu dada akasema, kwa sauti ndogo ambayo hakuwahi kuisikia kwake, "Kaka atakasirika."

"Akasirike, ila aende."

Akakata simu. Aliushika mkono wa fundi wenye vumbi la plasta, akauvuta, akakiweka kidole chake juu ya kifungo cha shaba.

"Umegusa," alisema. "Ukigusa, umecheza. Si ndiyo kanuni?"

Fundi akakirusha kifungo mahali pake. Mfalme akafungwa.

"Sasa sema neno lako."

"Nataka tuoane," alisema fundi, akitoa mfukoni yule farasi wa waridi. "Masikio hayalingani, nisamehe."

"Namtaka hivyo hivyo. Jibu langu ni ndiyo."

Akamweka farasi ubaoni, akakichukua kifungo chake akakitia mfukoni. Kisha akashusha lifti hadi chini, akafungua mlango, watu wakaingia wakilalama na kusubiri wapandishwe. Dada Lifti aliinuka kigodani.

"Mpini huo hapo," aliwaambia. "Si mgumu."

Akafungua kamba ya mfagiaji. Wakapanda ngazi yeye na fundi hadi ghorofa ya sita, taratibu kwa ajili ya utelezi, naye akizihesabu kwa sauti, kwani kwa miaka yote sita hakuwahi kuzikanyaga.