Mchanga Mweusi Jikoni kwa Rachida

Asubuhi moja, mtaani Mususa, mjini Butembo, Rachida alikuwa akiosha sufuria. Alikuwa na mimba ya miezi sita. Mume wake, Jumaine, alikuwa uani akifuta pikipiki. Mara Rachida akapiga kelele.

"Jumaine! Kuya uone pete yangu!"

Pete yake ya ndoa ilikuwa ya dhahabu. Sasa ilikuwa nyeupe kama bati.

"Kumbe ulinioaka na aluminium!"

"Hapana, mama! Baba yako mwenyewe aliiuma na meno!"

Jirani yao, papa Melchior, mfanyakazi wa serikali upande wa madini, alisikia akaja. Aliitazama pete, kisha sufuria.

"Jumaine, ulichoma nini humu?"

Jumaine alikuwa akinunua mchanga wa dhahabu uliojaa chembe nyeusi za chuma. Ili kuitenga dhahabu, alitia zebaki, ile wanayoiita mercure, ambayo hushikana na dhahabu, kisha akaichoma igeuke moshi, dhahabu ibaki.

"Mercure," alisema. "Jana, Rachida alikuwa soko. Lakini niliosha ile sufuria!"

"Haitoke na sabuni. Imeshika pete. Na usichome hiyo pete ili rangi irudi! Moshi wa mercure hauonekane, hauna harufu. Mama anauvuta, unafika kwa mutoto tumboni, unaharibu ubongo."

Rachida alishika tumbo kwa mikono miwili. "Mutoto wangu? Na uji nilipika humu leo?"

Jumaine alikaa chini, palepale penye matope. Alidhani sumu ni ya kunywa tu.

Siku ileile Rachida alipelekwa hospitali. Daktari alimpima, akamwambia arudi kila mwezi. Rachida alihamia kwa dada yake kwanza, mpaka nyumba isafishwe. Melchior aliifunga zebaki iliyobaki ndani ya chupa, na sufuria na pete ndani ya mifuko, akavipeleka kwa wataalamu.

"Sasa chuma nitakitoa na nini?" Jumaine aliuliza.

Melchior alileta sumaku ya spika iliyokufa. Jumaine aliichomeka moja kwa moja katika mchanga mpya, uliokaushwa juani, na chembe nyeusi zikaishika pande zote.

"Ee! Imeota ndevu!"

"Na ndevu zako zimebeba dhahabu," Melchior alicheka. "Funga sumaku ndani ya sachet ya plastiki. Tandaza mchanga kwa sahani, tabaka nyembamba. Pitisha sumaku juu kidogo, bila kugusa."

Chembe nyeusi ziliruka zikashika plastiki. Juu ya sahani nyingine, Melchior alivuta sumaku kutoka ndani ya sachet. Chuma kikaanguka.

"Rudia mara tatu, maana chuma kinafichaka dhahabu. Kisha osha na maji, polepole."

Jumaine aliosha. Mchanga mwepesi ulikwenda na maji. Ndani ya sahani ilibaki dhahabu, bila moto, bila zebaki.

"Papa Melchior, kumbe ni hivi tu?"

"Ni hivi tu."

Miezi mitatu baadaye Jumaine alisimama mlangoni mwa chumba cha kujifungulia.

"Mutoto analia?" aliuliza.

"Mbona hausikie?" mkunga alijibu. "Watu banamusikia mpaka barabarani!"