Nafasi ya Kidole Kimoja

Duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa limefurika watu siku hiyo, na muuza duka alikuwa hoi kwa jasho. Ndipo akaingia mwanamke mwenye ovaroli iliyotobolewa na cheche, kitambaa chekundu kichwani, akaomba nondo zilizopinda.

"Zilizopinda? Dada, wenzako wote wanataka zilizonyooka."

"Mimi naunda sanamu za watu, kaka. Umewahi kumwona mtu aliyenyooka?"

Jamaa alicheka hadi foleni ikanung'unika. Namba ya simu ya dada aliipata kabla hajamrudishia chenji.

Basi ikawa kila Jumapili yuko karakanani kwake, anamshikia vyuma, anafundishwa kuchomelea. Yeye akaitwa Bwana Misumari, mwanamke akaitwa Fundi, na mapenzi yakanoga kwelikweli. Mwaka huo Fundi alikuwa akiunda sanamu kubwa ya maonyesho: mzee na binti wakinyoosheana mikono. Kati ya vidole vyao palibaki nafasi ya kidole kimoja. Bwana Misumari hakuuliza ni akina nani.

Wiki ya mwisho kabla ya maonyesho mama yake Fundi akalazwa, naye akahamia hospitalini kumuuguza.

"Mpenzi, nisaidie kusugua kutu," alisema kwenye simu. "Maonyesho ni kesho."

"Usijali, roho yangu. Umuuguze mama tu."

Akasugua. Akaiona ile nafasi. Maskini, amechoka hata amesahau kuunganisha! Akavaa kofia ya kuchomelea, akaikutanisha mikono ile kwa weledi wote aliofundishwa, kisha akaing'arisha. Alikuwa na furaha, jamani, hata akapiga mluzi. Alipanga kumposa palepale kwenye maonyesho.

Asubuhi Fundi alifika karakanani, akasimama mbele ya sanamu.

"Umependa?" Bwana Misumari akamuuliza.

"Huyu ni baba yangu," alisema Fundi. "Alifia wodini, mimi nikiwa koridoni nakimbia na sare ya shule. Nilichelewa kidogo tu. Hicho kidogo ndicho nilichokuwa naunda."

"Mungu wangu! Nitakata sasa hivi, grenda hii hapa."

"Utakata chuma, sawa. Vidole vyake je? Nilivitengeneza kwa kukumbuka, kimoja kimoja. Umeviyeyusha."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alimwomba aondoke, na kwa mwezi mzima simu ziliita bila kupokelewa. Bwana Misumari akakonda, akawa anapima misumari huku akili haipo.

Siku moja adhuhuri Fundi akaja dukani, amevaa gauni la bluu.

"Nimekusamehe," alisema. "Ulifanya kwa upendo, najua. Nimejaribu mwezi mzima kurudi. Lakini nikifikiria mikono yako, nawaza vile vidole. Siwezi, mpenzi."

"Ungeniambia habari za baba yako..."

"Ungeniuliza."

Bwana Misumari akajikaza, akasema, "Siku ile nilitaka kukuposa."

Macho ya Fundi yakajaa machozi. Akamshika shavu, mbele ya wateja wote.

"Ningekubali," akasema, akatoka.

Bwana Misumari alikaa juu ya mfuko wa saruji akalia mchana kweupe, na wateja wakangoja.