Mchezaji Aliyefichwa Luchelele

Yeremia Ngosha alikutwa asubuhi amelala chali juu ya mawe ya Luchelele, chini ya baraza la nyumba aliyokuwa akiilinda. Alikuwa amevaa suti nyeusi. Kisogo kilikuwa kimepasuka, na maji ya ziwa yalikuwa yakifika hadi kwenye viatu vyake na kurudi.

Inspekta Modesta Chenge alivaa glovu, akachuchumaa. Kazi ilikuwa imemzoesha maiti. Hakuwa amezoea kuikuta moja imelala nje usiku kucha bila mtu yeyote kuiulizia.

"Kaanguka kinyumenyume kutoka barazani," alisema daktari wa polisi. "Hakuna silaha, hakuna purukushani. Ama kateleza, ama kasukumwa mara moja tu."

"Angekuwa kateleza, mchezaji asingetoweka," Modesta alijibu.

Mchezaji huyo alikuwa Victor Oluoch, mshambuliaji kijana kutoka Shirati, na marehemu alikuwa msaka vipaji wa Sangara FC. Msomaji asiyefuatilia mpira aelezwe kidogo. Dirisha la usajili likifunguliwa, timu zetu huacha kushindana uwanjani, zikashindana majumbani. Mchezaji akionekana ana mguu hasa, anabebwa na kufichwa kwenye nyumba isiyojulikana. Simu inachukuliwa, wageni marufuku, mpaka siku ya kumwaga wino kwenye mkataba, ili wapinzani wasimpore. Sisi mashabiki tunauita ujanja, tunacheka vijiweni. Hakuna aliyewahi kutuuliza kama sisi wenyewe tungeweza kukaa humo.

Modesta aliingia ndani. Godoro moja. Sahani moja. Kiti kimoja barazani, kimegeuziwa ziwa. Ukuta wa uani ulikuwa umebanduka plasta mahali pamoja, palipopigwa mpira siku baada ya siku na mtu asiyekuwa na wa kumpasia.

Mpishi, Selina, ndiye aliyeikuta maiti. Modesta alimfuata jikoni.

"Ulikuwa unazungumza na Victor?"

"Nilikatazwa, afande. Nikimpelekea chakula anasema, 'Ahsante dada, kaa kidogo.' Mimi naondoka."

"Hukuwahi kukaa?"

"Sijawahi." Selina alianza kulia. "Ningekaa hata siku moja jamani, ningepungukiwa nini?"

Bafuni kulikuwa na karai. Ndani yake mlikuwa na wembe wenye damu kidogo na nywele nyingi, nyingine nyeusi, nyingine za rangi ya dhahabu. Koplo Perez Odoyo, msaidizi wa Modesta, alizitia kwenye mfuko wa vielelezo. Mji mzima ulizijua nywele zile. Watoto wa Igoma walikuwa wanapaka rangi kichwani kumwiga Victor.

Gari lilifunga breki nje. Bwana Luhaga, mwenyekiti wa kamati ya usajili ya Sangara FC, alishuka na kuupita mwili uliofunikwa shuka bila hata kuutazama.

"Mchezaji yuko wapi?"

"Pole kwa msiba," Modesta alisema.

"Eeh, ahsante. Mchezaji yuko wapi?"

Alipoonyeshwa nywele, Luhaga alipiga kofi paja lake. "Si mnaona? Kanyolewa asijulikane! Ni wale wapinzani wetu wa Dar. Wamemwua Ngosha, wakamchukua kijana!"

Watu wa ile timu ya Dar walihojiwa mchana huo hotelini kwao, karibu na Mirongo. Alama zao za vidole hazikulingana na zozote za kule nyumbani. Zaidi ya hapo, walikuwa bado wanazunguka mjini wanamtafuta Victor huyo huyo, na waliwauliza polisi kama wana fununu.

Jioni Modesta alikaa ofisini na chai iliyopoa. Nyumbani kwake hapakuwa na mtu wa kumngoja, kwa hiyo hakuwa na haraka, na hali hiyo ilimuuma zaidi ya alivyopenda kukiri.

"Perez, anayejificha si angevaa kofia? Kofia zake tatu ameziacha msumarini."

Perez alisita. "Afande, mimi nilifikiri kitu tangu asubuhi, nikaona aibu kusema. Kwetu Rorya, na Shirati kwao Victor ni huko huko, mtu hunyoa akifiwa. Lakini hanyoi peke yake. Mnakaa uani na ndugu zenu, mnanyolewa pamoja. Yule amejinyoa mwenyewe bafuni, mpaka kajikata."

Modesta aliweka kikombe chini. Msaka vipaji ambaye hakuna aliyewahi kumwona bila traki suti alikuwa amekufa ndani ya suti nyeusi.

"Mwite Luhaga."

Luhaga alifika amenuna.

"Selina anasema juzi Ngosha hakuonekana Luchelele. Alikuwa wapi?" Modesta aliuliza.

"Safarini. Kikazi."

"Msibani."

Luhaga alivuta kiti, akakaa.

"Msiba wa nani, Bwana Luhaga?"

"Mama yake kijana," alisema hatimaye. "Alizikwa juzi, Shirati. Klabu ilitoa gari, chakula, kila kitu. Ngosha alituwakilisha."

"Na Victor alijua?"

"Angejua angekwenda! Na wale wa Dar wangemngoja kaburini na mkataba. Golikipa wetu walimsainisha kwenye matanga ya baba yake, hata turubai halijashushwa! Nilimwagiza Ngosha amwambie akishamwaga wino. Siku chache tu, Inspekta. Mama asingefufuka."

Perez aligeukia dirisha. Modesta alifunga jalada taratibu, maana mkono ulitaka kulitupa.

Walisafiri alfajiri kupitia Musoma. Huko Shirati, dada yake Victor, Amondi, aliwapokea uani akiwa amenyolewa kichwa.

"Tuliambiwa yuko Moroko kwenye majaribio, hapatikani kwa simu," alisema. "Jana mchana akaja kwenye lori la dagaa. Hajala. Hasemi na mtu. Yuko kule."

Victor alikuwa amekaa kando ya udongo mbichi, nyuma ya nyumba. Kichwa chake kilikuwa na mikato iliyokauka. Hakukimbia.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Unajua kwa nini nimekuja?"

"Najua."

"Hulazimiki kusema lolote. Utakachosema kinaweza kutumika mahakamani."

"Nataka kusema. Sijaongea na mtu wiki nyingi."

Modesta alikaa chini, hapo hapo kwenye udongo. Perez alibaki amesimama.

"Ngosha alikuja jioni," Victor alianza. "Akanikalisha, akaniambia mama amefariki, tumeshamzika. Alisema 'tumeshamzika', kama mtu wa nyumbani. Sikulia. Nikaenda bafuni, nikanyoa. Nilikuwa namsikia yuko mlangoni, ananiuliza kama anisaidie. Nikaendelea kunyoa."

"Halafu?"

"Nikatoka barazani. Akaja na simu yake. Akasema, 'Nimekurekodia, ili na wewe uwe umekuwepo.' Nikaangalia. Mchungaji anaita mtoto wa kwanza wa marehemu aje aweke udongo. Hatoki mtu. Wanatazamana. Halafu anatoka yeye, na ile suti yake, anachukua koleo." Alimgeukia Modesta. "Afande, alisimama mahali pangu. Nilimsukuma. Nilitaka atoke tu mbele yangu. Nyuma yake ukingo ulikuwa mfupi."

"Ulishuka kumwangalia?"

"Nilishuka. Nikamwita. Nikamshika. Alikuwa ameshakata roho." Alijifuta uso kwa kiwiko. "Nikamwacha pale, maana nilikuwa nimechelewa kuja huku. Nimemwacha peke yake usiku mzima."

Kwa sheria lilikuwa kosa la kuua bila kukusudia. Modesta aliwaza pia juu ya yule aliyetoa amri ofisini, ambaye sheria haikuwa na kifungu cha kumshika. Angeweza kunyamaza. Lakini kijana huyu alikuwa amefichwa mambo ya kutosha.

"Victor, kuna jambo lazima ulijue. Ngosha aliagizwa akufiche mpaka usaini. Alikuambia kwa hiari yake. Hakuna aliyemtuma."

Victor aliweka kiganja juu ya udongo wa kaburi.

"Kwa hiyo aliyenihurumia ndiye niliyemwua."

"Ndiyo."

Perez alimfunga pingu kwa mbele, asimuumize. Amondi alikuja mbio na kipande cha samaki kwenye sahani, akabaki nacho mkononi asijue ampeje. Victor aliinama, akaegemeza kichwa chake kilichonyolewa kwenye kichwa cha dada yake, wakakaa hivyo kidogo. Kisha akageuka.

"Afande, Ngosha anazikwa lini?"

"Jumamosi. Kwao Bujora."

"Naweza kwenda?"

Modesta alifungua mlango wa nyuma wa gari.

"Hapana, Victor. Utakuwa mahabusu."

Victor aliitikia kwa kichwa, akaingia garini, akasogea mwisho wa kiti. Modesta hakwenda mbele. Aliingia nyuma, akakaa naye.