Mashine ya Wiki Saba na Daftari la Oili

Mume na mke walifanya kazi ya kukata nyasi. Mume alisukuma mashine. Mke alifuata nyuma na reki. Jumanne walikata uwanja wa shule, Ijumaa uwanja wa zahanati. Jioni mke alikwenda darasa la watu wazima. Mwalimu aliwaagiza waandike kila siku sentensi moja kuhusu kazi zao. Mke aliandika habari za nyasi, za mvua na za mashine.

Mashine ilikuwa mpya, ya wiki saba tu. Waranti yake ilikuwa ya mwaka mmoja. Ijumaa moja, katikati ya uwanja wa zahanati, injini ililia kama sufuria iliyotiwa mawe. Kisha kimya. Mume akavuta kamba ya kuwashia. Kamba haikusogea.

Muuguzi mkuu akatoka nje. Nusu ya nyasi zilikuwa fupi, nusu zilifika magotini.

"Nyoka akiingia kwa wagonjwa wangu, nitasema nini?" aliuliza. "Nawapa hadi Ijumaa ijayo. Ikipita hiyo, natafuta mtu mwingine."

Mume akaipeleka mashine dukani. Muuzaji hakuinuka kitini.

"Hukutia oili," alisema.

"Nilitia, ndugu yangu."

"Wote husema hivyo. Waranti haihusiki. Anayefuata!"

Mume akarudi nyumbani kichwa chini. Ndivyo wenye maduka wanavyotaka. Ukiingia na pesa, wewe ni bosi. Ukirudi na malalamiko, wewe ni mzembe.

Shemeji yake, fundi wa pikipiki, alikuwa ameshafika na spana.

"Nipe dakika kumi, shemeji. Injini ni injini."

"Dakika kumi zako ndizo zilizoua redio ya mama," mke alimwambia kaka yake.

Wakacheka. Jirani yao, aliyekuja kutazama, hakucheka. Watu walimwita Mama Faili, kwa sababu alitunza karatasi ya kila kitu, hata ya balbu. Miaka ishirini nyuma, duka moja lilimgeuka kuhusu cherehani yake. Hajasahau. Anakumbuka mpaka rangi ya tai ya muuzaji.

"Weka spana chini!" alisema. "Ukifungua skrubu moja tu, watasema wewe ndiye uliyeiharibu. Waranti itakufa hapo hapo."

"Lakini wameshakataa, mama," mume alisema.

"Wamekataa kwa maandishi?"

"Kwa mdomo."

"Basi hawajakataa. Rudini. Bebeni risiti na karatasi ya waranti. Zenyewe zisitoke mikononi mwenu, waachieni nakala. Waambieni waikague mashine mbele yenu. Wakikataa, waandike sababu, tarehe na sahihi. Na msitie sahihi kitu msichokisoma. Mimi nilitia, cherehani ikaenda."

"Nitasoma mimi," mke alisema.

Mume akamtazama. Mke alikuwa ameanza kusoma mwaka jana tu.

Jumatatu asubuhi walisimama dukani. Muuzaji akawasukumia karatasi.

"Weka sahihi hapa, mashine ipokelewe."

Mume akashika kalamu. Mke akaweka kiganja juu ya karatasi.

"Ngoja, baba watoto." Akafuata maneno kwa kidole. "M-te-ja... a-na-ku-ba-li..."

Foleni ikaguna. "Binti, tutalala hapa?" aliuliza mzee mmoja aliyeshika pasi mbovu.

"Nimechelewa miaka arobaini kusoma, baba. Nivumilie dakika mbili." Akavuta pumzi, akasoma kwa sauti. "Mteja anakubali kwamba injini imeharibika kwa kukosa oili."

Duka zima likamgeukia muuzaji.

"Nani amekubali?" mke aliuliza. "Hebu chomoa kile kijiti cha kupimia."

Muuzaji akakichomoa. Oili ilifika alama ya juu.

"Mmetia jana!" alisema.

Mke akatoa daftari lake la darasani, akasoma. "Tarehe tatu. Leo tumebadili oili ya mashine." Akafunua ukurasa mwingine. "Leo tumepima oili. Imejaa." Kando ya kila sentensi palikuwa na alama ya vema ya mwalimu, kwa wino mwekundu, na tarehe.

"Meneja hayupo," muuzaji alisema. Sauti ilikuwa imeshuka.

"Tutamsubiri. Au andika hapa kwamba mmekataa, na kwa nini. Karatasi hiyo tutaipeleka kwenye ofisi inayotetea wanunuzi."

Muuzaji hakuandika. Meneja asiyekuwepo akatokea mlango wa nyuma, akifuta mdomo. Akamwita fundi wa duka. Fundi akaifungua injini mbele ya watu wote. Mkono wa pistoni ulikuwa umekatika vipande viwili.

"Oili haina kosa," fundi alisema, bila kumtazama muuzaji. "Chuma hiki kilitoka kiwandani kikiwa na ufa."

Alhamisi walipewa injini mpya, pamoja na barua kwamba waranti inaendelea. Mke aliisoma yote kabla ya kutia sahihi. Safari hii hakuna aliyeguna.

Ijumaa, kabla ya saa sita, uwanja wa zahanati ulikuwa umekatwa wote. Muuguzi mkuu akawapa na kazi ya uwanja wa nyuma. Walipokuwa wakikusanya nyasi, yule mzee wa pasi akaja, karatasi mkononi.

"Binti yangu, hii nilitia sahihi dukani wiki iliyopita, na pasi hawakuitengeneza. Sijui inasema nini."

Mke akaweka reki chini, akafuta mikono.

"Keti hapa, baba. Tuanze na neno la kwanza. Tukimaliza, tunakwenda dukani pamoja."